Jua la Pangani Nililowasomea Watu wa Ziwa

Kandokando ya Ziwa Nyasa,
Mbinga.
Jumapili asubuhi

Mama yangu,

Shikamoo. Salaam aleikum wewe na wote mlio hapo nyumbani. Natumaini goti lako limepoa, na kwamba umeacha kupanda ngazi ya darini kama ulivyoniahidi, ingawa nakujua, huenda unaipanda bado na Zuhura anakuficha. Mimi mwili ni mzima. Homa haijanirudia tangu mfungo ulipokwisha, na ile shuka nzito uliyonipa naitumia ninapopanda milimani tu, maana huku chini ziwani joto la msimu huu halina tofauti na la kwetu.

Zuhura mdogo wangu, kabla hujaendelea nina ombi. Barua hii msomee Mama yote kama nilivyoiandika. Najua tabia yako ya kuruka mistari ukiona itamuumiza, ukamwambia, "Anasema hajambo, anasalimia sana." Safari hii usiruke hata neno. Na kama barazani kuna wageni, waache kwanza wamalize kahawa yao waende.

Mama, katika barua yako umeniuliza mambo matatu. Umeuliza kama nakula, nakula. Umeuliza kama nasali. Nasali, ingawa msikiti uko mbali na Ijumaa nyingi tunakuwa mimi na mkeka wangu. La tatu umeuliza kama Mama Batholomeo ameipata ile doti ya kanga uliyompa Rajabu wa mtaa wetu alete, na alisema nini alipoifungua. Hilo la tatu ndilo lililonifanya nitembee na barua yako mfukoni siku zote hizi bila kuijibu. Kanga ninayo, Mama. Imepanda mlima hadi Matiri na imeshuka tena, na sasa imo sandukuni mwangu ikiwa imekunjwa vilevile ulivyoikunja wewe.

Nianze mbali kidogo, ili Shangazi naye akisomewa aelewe. Mama Batholomeo ni yule jirani niliyekuandikia habari zake, mjane mwenye nyumba ya pili kutoka kwangu, anayenisaidia tangu siku niliyoshushwa hapa na gari la mizigo nikiwa natetemeka kwa homa. Alinipikia uji siku tisa bila kuniuliza kabila wala dini. Tangu hapo hapiti mlangoni kwangu bila kuchungulia kama nimekula, na akipata mbasa mzuri, samaki mkubwa wa huku, kipande changu kipo. Mimi namwita mama na yeye ananiita mwanangu, na watu wa hapa wamezoea. Wewe mwenyewe uliposikia hayo ulisema, "Basi nina mwenzangu huko," ukaenda dukani kuchagua kanga. Maneno yaliyoandikwa kwenye kanga hiyo sitayarudia hapa, kwa sababu wewe ndiye uliyeyachagua, na mimi sasa nikiyasoma nainamisha kichwa.

Katika kijiji chetu hiki cha ujamaa Mama Batholomeo alikuwa kiongozi wa kikundi cha akina mama wanaoanika usipa. Usipa ni samaki wadogo kama dagaa wetu. Wanaume wakiuvua, akina mama wanauanika kwenye mchanga na juu ya mawe, na jioni ikianza kuingia wanaukusanya na kuufunika, kesho wanauanika tena hadi ukauke vizuri. Ukikauka wanaubeba vichwani kwenda kwa Wamatengo huko juu, Matiri na Mbuji, wanabadilishana kwa mahindi na maharage. Huku chini chakula ni mihogo, na miezi hii ya kulima hata mihogo inakuwa ya kuhesabu. Kwa hiyo usipa wa wakati huu si kitoweo tu. Ndio mahindi ya watoto hadi mavuno.

Mimi kazi yangu unaijua, maana umeitangaza Pangani nzima. Nina kibanda cheupe chenye vipimajoto, nina chombo cha kupimia mvua, na nina daftari. Kila asubuhi na kila alasiri naangalia, naandika, na mwisho wa mwezi napeleka hesabu Songea. Nimefundishwa kupima mvua iliyokwisha kunyesha, Mama. Ya kesho sikufundishwa. Wewe ukiwaambia watu harusini kwamba mwanao anaijua mvua kabla haijaja, mimi huwa nanyamaza, na nikikwambia kweli, huwa napenda.

Huku nako nilinyamaza hivyohivyo. Mwenyekiti wa kijiji alipotaka kila Jumamosi, baada ya kazi ya pamoja, nisimame mbele ya ofisi niwasomee watu hali ya hewa ya wiki inayokuja, ningeweza kumwambia kwamba hilo si la daraja langu. Sikumwambia. Nilinyoosha shati nikasimama. Mwanzoni nilikuwa mwangalifu, nawauliza wavuvi wanaonaje upepo, natazama mawingu ya upande wa Malawi, natazama daftari langu, kisha naandika maneno machache ya tahadhari. Mara nyingi yalikwenda sawa, kwa sababu yalikuwa maneno yao wenyewe niliyowarudishia kwa Kiswahili cha ofisini. Wakaanza kuniita Bwana Mvua. Watoto wakiniona wananiuliza wakaoge au wasiende. Jina likanikaa kichwani kama kofia mpya.

Sasa Kitai. Rajabu aliniletea habari kwamba amerudi kutoka likizo, kwamba ana mzigo kutoka kwako, na nikaufuate pale Kitai kwenye ghala anakofanya kazi. Nilipanda gari Jumanne nikijua nitarudi kesho yake. Mama, nilikaa siku nne. Rajabu alikuwa na halua, alikuwa na habari za kila nyumba ya mtaa wetu, na ana redio. Tuliongea hadi sauti zikakauka. Vipimo vyangu vikabaki kibandani peke yavyo, na hakuna aliyeviangalia.

Ijumaa mchana redio ikatoa mwelekeo wa hali ya hewa wa wiki kwa ukanda wa pwani. Nikachukua karatasi nikaandika neno kwa neno. Sikuwa na nia mbaya yoyote wakati ule. Nilitaka tu kujua juu ya paa lako kutakuwaje. Waliposema Tanga na Pangani nilikuona kabisa umetandaza mbata zako uani, umeshika fimbo ya kufukuzia kuku. Jua kali siku zote saba, walisema. Mawingu machache, upepo wa kaskazi wa wastani, bahari tulivu asubuhi na mawimbi kiasi alasiri, mvua haitarajiwi. Nikaikunja karatasi nikaiweka ndani ya kifurushi cha kanga yako, na nikajisikia kama mtu aliyetoka nyumbani sasa hivi.

Nilirudi Jumamosi nimechelewa. Gari lilituacha njiani, nikatembea kipande cha mwisho, na nilipofika watu walikuwa wameshakusanyika mbele ya ofisi wakiwa na majembe yao, wananingoja mimi. Daftari langu lilikuwa na siku nne tupu. Sikuwa nimemuuliza mvuvi yeyote, wala sikuwa nimetazama ziwa. Mwenyekiti akasema, "Bwana Mvua, tuharakishe, watu wamechoka." Nikaitoa ile karatasi. Pale penye Tanga na Pangani nikapitisha kalamu, juu yake nikaandika majina ya vijiji vyetu. Penye bahari nikaandika ziwa. Kisha nikasimama nikawasomea.

Nakumbuka nilisoma vizuri sana. Redio ina mtindo wake, na mimi niliufuata.

Watu walifurahi. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshalainisha udongo, na shamba la ujamaa lililoko chini ya milima lilikuwa linangoja mbegu. Kwenda na kurudi ni kazi, kwa hiyo wakienda wanalala hukohuko. Mwenyekiti alitaka kila mwenye mikono aende wiki ile. Tatizo lilikuwa usipa, kwa sababu wiki ileile ulikuwa umevuliwa kwa wingi kuliko wakati wowote msimu huu, na ufuo mzima ulikuwa unang'aa. Mama Batholomeo akaja kwangu pale pale, akanishika mkono, akauliza, "Mwanangu, siku zote saba jua?" Nikamwambia, "Siku zote saba, mama." Akageuka akawaambia wenzake waache usipa ukauke palepale ulipo, wote waende shambani, abaki bibi mmoja tu wa kufukuza ndege. Alikuwa na haraka, nikasema moyoni kanga nitampa akirudi, ataifungua kwa nafasi. Jioni ile nikakaa nikajaza zile siku nne za daftari kwa kubuni.

Jumanne alasiri wingu likatokea ng'ambo. Nililiona likiwa dogo, nikajiambia litapita. Halikupita. Mvua ilinyesha alasiri hiyo, ikanyesha Jumatano kutwa, na Alhamisi ikaendelea taratibu kama mtu asiye na pa kwenda. Mimi na yule bibi tulikimbia ufukweni na majamvi, tukafunika tulichoweza, lakini mikono minne kwenye ufuo ule ni sawa na hakuna. Sehemu kubwa maji yaliirudisha ziwani. Uliobaki ulilowana, ukavimba, na Ijumaa ukaanza kutoa funza. Harufu yake ilifika hadi kanisani. Nilipima mvua kwenye chombo changu, nikaandika kiasi chake sawasawa, kana kwamba uaminifu wa siku hiyo ungenisaidia.

Jumamosi watu wakarudi kutoka shambani. Hapakuwa na kilio. Akina mama walisimama ufukweni wakatazama, wakachukua majembe wakaanza kufukia.

Mwenyekiti aliita mkutano palepale. Hapo ndipo, Mama, ninapokuomba unisikilize, kwa sababu yote niliyoyasema mpaka sasa ni uzembe, na uzembe unaweza kunigombeza ukaisha. Hili lingine sijui utalifanyaje.

Mwenyekiti akauliza nani alitoa amri usipa uachwe nje. Mama Batholomeo akasimama, akasema, "Ni mimi." Akaulizwa kwa nini. Akasema, "Tulisikia taarifa ya bwana, kwamba ni jua." Watu wote wakanigeukia. Mwenyekiti naye akanigeukia, akasema kwa heshima, maana mimi ni mtumishi wa serikali, "Bwana, hebu tukumbushe. Taarifa yako ilisemaje?"

Karatasi ilikuwa mfukoni. Ningeitoa, wangeona majina ya kwetu chini ya mkato wa kalamu. Nikasema, "Nilisema kutakuwa na jua. Lakini pia nilisema huenda kukawa na mvua hapa na pale."

Sikuwa nimesema hivyo. Mwenyekiti akamwuliza Mama Batholomeo, "Mama, hilo la hapa na pale ulilisikia?"

Alinitazama. Hakuwa na hasira, alinitazama tu kama anavyonitazama akitaka kujua kama nimekula. Halafu akasema, "Nadhani sikulisikia. Mimi Kiswahili changu ni cha kanisani na sokoni, mwenyekiti. Cha ofisini nashika nusu, nusu inanipita."

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kupunguza uzito wa jambo. Mama, na mimi nilicheka. Mtoto wa mwambao niliyezaliwa ndani ya Kiswahili, nilimcheka mama aliyenipikia uji kwa kuwa lugha yangu si lugha ya mama yake. Kila ninapoukumbuka mkutano ule, kicheko changu ndicho ninachokisikia kwanza.

Wakamwondoa uongozi. Ikaamuliwa pia kwamba kwa kuwa hakuna usipa wa kubadilisha, akina mama wa kikundi chake wapande Matiri wakawapalilie Wamatengo mashamba yao, walipwe mahindi. Jumatatu alfajiri walipita mbele ya nyumba yangu na majembe begani. Nilikuwa nimeamka. Niliwasikiliza wakipita, nikabaki ndani mpaka nyayo zikaisha.

Barua yako ilifika Jumatano ya wiki hiyo. "Mwenzangu amesema nini alipoifungua?" Nilisoma hapo nikaifunga barua. Siku ile ndipo nilipojua siwezi kuendelea.

Nilikwenda kwanza kwa Mwenyekiti, nikamwonyesha karatasi na nikamweleza kila kitu. Kisha akaniambia kwa upole, "Bwana, wewe ni kijana, utakosea na kujirekebisha. Lakini watu hawa tumewaambia waamini mambo ya kitaalamu. Wakijua hili, kesho hawatamwamini bwana shamba, keshokutwa hawatamwamini mganga wa zahanati. Tulimalize hapa, wewe na mimi. Yule mama tutamrudisha taratibu." Sikuona ubaya wake, Mama. Kwa dakika nzima nilimshukuru, nikawa nimeshaanza kuikunja karatasi. Kisha nikauliza, "Na akirudi kutoka Matiri, nimwambie nini?" Akasema, "Kwani yeye amekuuliza?"

Jumamosi iliyofuata watu walipokusanyika nilisimama mahali pangu. Nikawaambia taarifa ya wiki hii sina. Nitawasomea ya zamani. Nikaisoma ile karatasi tena, safari hii na majina yake ya kwanza, Tanga na Pangani, na bahari ikiwa bahari. Nikawaambia hili lilikuwa jua la nyumbani kwa mama yangu, nililiandika kwa ajili yake, nikawasomea ninyi kwa sababu nilikuwa mvivu. Nikawaambia maneno ya mvua hapa na pale hayamo humu, angalieni, na Mama Batholomeo alisikia sawasawa.

Nilitegemea watanizomea. Ningependa wangenizomea. Mzee mmoja mvuvi aliomba karatasi, akaitazama ingawa hajui kusoma, akaipitisha kwa jirani yake, na ikazunguka mkono kwa mkono hadi ikarudi kwangu ikiwa na harufu ya samaki. Mwenyekiti akasema, "Kaa chini, bwana." Nikakaa chini, kwenye mchanga, na wakaendelea na mambo ya mbegu. Tangu siku hiyo hakuna anayeniita Bwana Mvua. Nimeandika pia Songea kwa mkubwa wangu kwamba zile siku nne za daftari ni uongo. Jibu halijaja, na likija na kufukuzwa kazi nitakuandikia, usilisikie kwa Rajabu.

Lakini mwenyewe hakuwepo. Nilikiri mbele ya watu wote isipokuwa yule niliyemkosea. Kwa hiyo Jumatano nikaifunga kanga kwenye kitambaa nikapanda Matiri kwa miguu. Huko juu ni baridi na ukungu, kahawa kila upande, na mashamba yao wanayalima kwa mashimo mashimo wanayoyaita ngoro, kilima kizima kimejaa. Niliwakuta akina mama wetu kwenye shamba la mkulima mmoja wa kahawa, wanapalilia mahindi kwenye kingo za mashimo hayo. Nikamwona Mama Batholomeo ameinama, ana kitambaa kilekile kichwani. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kusimamisha jembe.

Nikamwambia yote nikiwa nimesimama juu yake kama msimamizi. Nilipoona hivyo nikachuchumaa nikaanza kung'oa magugu na mimi. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Acha kwanza. Hayo unayong'oa ni maharage ya watu."

Wenzake wakacheka, na safari hii sikucheka.

Nikamwambia nimekwisha kusema mbele ya watu kwamba alisikia sawasawa. Akasema, "Mimi sikuwa na haja ya kuambiwa nilisikia sawasawa. Nilisikia kila neno. Ulisema siku saba, hata mimi saba naijua."

Nikauliza kwa nini basi alisema vile mkutanoni. Akaegemea jembe. Akasema, "Nilikutazama nikaona umeogopa. Nikasema, huyu akiaibika hapa atakwenda wapi, kwao mbali, hana shamba, hana ndugu. Mimi wakinilaumu nina pa kulala. Nikajua jioni utakuja nyumbani uniambie mwenyewe, tuyamalize. Nilikuwekea chakula."

Akaliinua tena jembe, akapalilia kidogo.

"Niliweka na Jumapili," akasema. "Jumatatu nikaondoka."

Nilitoa kanga nikamwambia imetoka kwako. Alinawa mikono kwanza kwenye kibuyu, akaifungua, akakipapasa kitambaa chake, akamwomba mmoja amsomee maneno yake, akatabasamu. Kisha akaikunja upya, taratibu, kwenye mikunjo yako ileile, akanirudishia. Akasema, "Ni nzuri. Mama yako ana jicho. Lakini aliinunua akidhani mimi na wewe tuko vile ulivyomwandikia. Mwandikie yaliyotokea, usijipunguzie. Akishajua, akasema bado nipewe, uilete nitajifunga Jumapili ileile. Zawadi ya mtu aliyedanganywa mimi siwezi kuivaa."

Nikamwuliza kama amenisamehe. Akasema hilo tutaliongea mahindi yakishafika nyumbani. Basi nilikaa Matiri siku mbili, nikabeba magunia kushuka nayo hadi njia ya magari, na mgongo unaniuma hadi leo, na sikulalamika. Akina mama wa kikundi chake wameshamtumia Mwenyekiti ujumbe kwamba wao hawana kiongozi mwingine. Nadhani watamrudishia. Usipa hakuna wa kuurudisha, na mahindi waliyopata hayafiki nusu ya yale ambayo wangebadilishana.

Kwa hiyo Mama, hii ndiyo barua aliyoniagiza niandike. Nimejitahidi nisijipunguzie. Jibu lako ndilo ninalolingoja, na nakuomba liwe lako, usimwachie Zuhura aweke maneno ya kunifariji. Sema tu kama apewe au irudi kwako. Na wale wageni wa barazani, nimebadili mawazo. Zuhura, wakirudi kesho na kahawa yao, wasomee na wao. Mama amewaambia mengi juu yangu, ni haki wasikie na hili.

Mfikishieni salamu Mjomba, fundi wa mitumbwi, na mwambieni kofia yake bado ninayo. Mwamkieni Shangazi, na yule bibi mpika vitumbua wa jirani ambaye kila siku huniombea dua, mwambieni asiache. Mwalimu wangu wa chuoni mpeni mkono kwa niaba yangu, kama bado atakubali kuushika.

Nilikuwa nimesahau jambo moja. Nilipokuwa naondoka Matiri, Mama Batholomeo aliniita tena. Akauliza, "Kule kwenu wiki ile, jua liliwaka kweli?" Nikasema nadhani liliwaka. Akauliza, "Na mama yako alikuwa ameanika?" Nikamwambia wewe huanika mbata, nazi zilizopasuliwa, na nikamweleza zinavyoharibika zikinyeshewa. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi muulize kama zilikauka. Niliwaza sana siku zile, nani alilipata lile jua."

Niambie kama zilikauka, Mama. Ameuliza, na safari hii nataka nimpelekee jibu la kweli.

Mwanao,
Salimu